Kwa Nini Habaki Mtu Bondeni Siku ya Kuzoa Tope

Zamani za mababu, watu wa bonde la Kwembua walikunywa na kulima kwa bwawa moja la udongo lililokuwa mlimani, likijazwa usiku na chemchemi, wakiliita ndiva. Kila asubuhi mtoto mmoja alichomoa gogo la kuzibia chini ya ukuta wa bwawa, upande wa nje, maji yakateremka kwa mfereji mmoja, shamba hadi shamba. Mvua zilikuwa za kuhesabu, lakini chakula kilipatikana. Na walikuwa wanafiki, babu zetu hao! Walisalimiana kwa mikono miwili huku kila mmoja akilichungulia jembe la mwenzake, asije akageuzia maji kwake.

Shamba la mwisho kabisa lilikuwa la Nakunda, mjane mwenye watoto watatu. Mwaka mmoja, maharage yake yakiwa katika maua, maji yakaanza kumfikia kidogo kidogo, mwishowe yakawa matone. Yasipopata maji ndani ya siku nne, maua yangepukutika na wanawe wangelala njaa hadi masika mengine. Nakunda hakuhitaji mganga. Alijua anaibiwa.

Alimshuku Mbonea, jirani yake wa juu. Akashinda ukingoni akijifanya anachuma mchicha, macho kodo. Mbonea naye habanduki, maana alimshuku Sekiete aliye juu yake. Sekiete alimshuku wa juu yake, na hivyo hivyo hadi mlimani. Hata msiba ukitokea, kila nyumba iliacha mtu wa kulinda mfereji. Haya gani hiyo?

Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia Nakunda. Akapanda mlima akiufuata mfereji, akipapasa kingo atafute tundu la mwizi. Hakuona hata moja. Waliokuwa mashambani walipomwona, wakanong'ona, "Ahaa! Anakwenda kujifungulia maji!" Mbonea akamfuata. Sekiete akamfuata Mbonea, na wengine nyuma yao, kwa kuwa hakuna aliyekubali kubaki huku mwenzake amepanda.

Walimkuta katikati ya ndiva, amesimama. Tope lilimfika magotini, na maji yaliyokuwa juu yake yasingejaza mitungi kumi. Kila mvua ilikuwa imeteremsha udongo wa kilele walichokifyeka wenyewe ili walime, na kwa misimu mitatu hakuna aliyekwenda kuuzoa. Nani angeliacha shamba lake bila mlinzi?

"Ewe Mbonea!" Nakunda alisema huku machozi ya hasira yakimtoka. "Mimi nimekulinda wewe, wewe umemlinda Sekiete. Nani aliyeilinda ndiva?"

Mbonea alikunja shuka lake, akaingia topeni. Wengine wakaingia. Msidhani walipendana ghafla, la! Aliyetaka kurudi kuchukua jembe alishikwa mkono: "Huendi peke yako, mwenzetu." Basi wakazoa kwa vibuyu na viganja, kutwa hiyo na kutwa ya pili. Maji yalipofika kwa Nakunda, nusu ya maua ilikuwa imeanguka. Mwaka ule wanawe walikula nusu shibe, lakini walikula.

Na tangu siku hiyo kilele cha Kwembua hakilimwi, na kila mwaka kabla ya masika tope la ndiva huzolewa na watu wote. Mgonjwa hupandishwa kwa machela, bibi harusi hutolewa ndani. Wageni hutusifu sana kwa umoja wetu, nasi tunaitikia asante. Umoja! Hakuna hapa anayethubutu kumwacha mwenzake nyuma na maji.