Kikaango Kisichogandisha

Palikuwa na muuza vyombo mmoja Tanga, Bwana Zuberi, mwenye duka kubwa na ulimi mkali. Sheria yake dukani ilikuwa moja: ukigusa, umenunua.

Siku moja Bi Mashavu, ambaye kikaango chake cha nyumbani kilikuwa kikigandisha kila yai, alichukua kikaango kipya cheusi kinachong'aa, akakigeuza huku na huku.

"Umegusa, lipa!" Zuberi alinguruma, akaziba mlango.

Pochini Bi Mashavu alikuwa na nauli tu. Lakini duka lilikuwa limejaa wateja, akapaza sauti wote wamsikie.

"Sawa, baba. Ila nihakikishie kwanza. Yai haligandi hapa?"

"Haligandi!"

"Na ugali?"

"Hauna pa kushika!"

"Huko ndani tu, au hata nje?"

"Ndani, nje, kikaango kizima! Hawa wote mashahidi: ukikuta kitu kimeganda hapo, nikashindwa kukibandua kwa ukucha, chukua kikaango bure!"

Bi Mashavu akakipindua, akamwonyesha kitako.

"Basi nibandulie hii karatasi ya bei."

Zuberi akaikwangua. Pembe moja ikachanika, iliyobaki ikang'ang'ania. Akailowesha kwa mate, akakwangua tena mpaka jasho likamtoka, na wateja wakashika mbavu kwa kicheko.

"Usijiumize kidole, baba," Bi Mashavu alisema kwa upole, akakitia kikaango kikapuni. "Nitakaangia na karatasi yake hivyo hivyo."