Maigizo ya Mdogo Mtu

Kwa watu wengi, maigizo ni mchezo wa jukwaani. Katika chumba kile cha ushonaji, neno hilo lilikuwa na mwenyewe: mdogo wake fundi mkuu, binti mwenye mkono mwepesi wa sindano. Mara kwa mara alijifunika macho kwa kitambaa, akaomba dirisha lifungwe na vyerehani vinyamaze kidogo.

"Haya jamani, maigizo yameanza!" dada yake huyo, fundi mkuu, alitangaza, naye kwa utani hakuwa na mpinzani. Mafundi walicheka, wakampigia makofi. Mchezo ukageuka desturi. Binti akishika kichwa tu, makofi.

"Dada, kinaniuma kweli. Kama kinapasuka."

"Kichwa kinatuuma sote, bibie. Ila wenzio tunashona."

Siku moja, gauni la bibi harusi likiwa linasubiriwa, binti alisimama, akayumba, akaanguka puu! Makofi yakarindima, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa fundi mkuu. Yalikoma walipomwona akitapika palepale sakafuni. Binti alijifuta mdomo, akavua utepe wa kupimia shingoni, akaondoka.

"Mwacheni, atarudi tu," dada mtu alisema. Hakurudi. Moyo ulimsuta dada, lakini kiburi kikamfunga mdomo.

Kisha zamu yake ikafika. Asubuhi moja, akitunga uzi, aliona nusu ya chumba imefifia. Mwanga ulimchoma macho, na kila cherehani kilikuwa kama kinashona ndani ya fuvu lake. Daktari alisema ni kipandauso, na kwamba mara nyingi huandama ukoo. Hapo ndipo alipoelewa, na aibu ikamuuma kuliko kichwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Alipanga maneno mengi ya toba, ila mlango ulipofunguliwa alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Binti alimtazama usoni, akafunga dirisha, akamlaza, akamwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso.

"Nisamehe, mdogo wangu. Rudi kazini."

"Nimeshakusamehe, dada. Kurudi siwezi. Nilipokuwa pale chini, katika makofi yote yale, niliyatambua ya kwako."

Dada mtu alilala gizani akilia kimyakimya, maana hata kwikwi ilimtonesha. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.