Majitu ya Bi Zuwena

Bwana Msellem alikitaka chumba alichopanga mjane Bi Zuwena.

"Tucheze vita vya kadi kwenye simu. Kila kadi ni mpiganaji; ngome yako ikianguka, uhame."

"Vidole vyangu hata tasbihi vinaidondosha, mwanangu. Basi niruhusu nitumie kadi zangu za majitu. Nikibaki na kadi za panya, nimekwisha."

Msellem akacheka. "Majitu nitacheza mimi peke yangu, bibi. Wewe panya tu!" Akajipangia majitu matupu.

Bi Zuwena akaguna, akapiga bismillahi. Jitu ni zito, hutoka nguvu zikijaa. Msellem alipokuwa bado anangoja zijae, panya wepesi wa Bi Zuwena walitoka, wakafa, wakarudi, mpaka ngome ya Msellem ikaanguka.

"Hebu nione hayo majitu yako," alisema kwa unyonge.

"Sijawahi kuwa nayo, mwanangu. Mjane mimi, ningeyalisha nini?"