Mkeka wa Kirindo

Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo asubuhi, mkacheka, maana hakuna hata mmoja wenu anayejua mbacha ni nini. Si kosa lenu. Nyinyi mmezaliwa juu ya mazulia ya plastiki. Mbacha ni mkeka uliochakaa hata pindo zikakatika, na msala mnaujua, ni ule wa kusalia. Haya, acheni kusukumana, kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Zamani palikuwa na mji uitwao Kirindo, wenye mfalme wake na nembo yake. Nembo yenyewe hapo mwanzo haikuchorwa wala kuchongwa. Ilikuwa mkeka. Mfalme wa kwanza alipofika pale hakuwa na kasri wala kiti. Alitandika mkeka wake chini, akamkaribisha mkuu wa watu wa mlima wa Kihondo, wakakaa juu yake wote wawili na kuapa kwamba mvua ikiwanyima hawa, wale watawalisha. Tangu siku hiyo mjumbe wa Kirindo hakwenda ugenini bila mkeka ule begani. Akifika anautandika, mwenyeji anaketi naye, ndipo maneno yanaanza.

Kuutunza ilikuwa kazi ya ukoo mmoja wa wanawake wasukaji, na wa mwisho wao alikuwa Bi Mwanamize. Historia ya nembo ile aliipata kwa bibi yake, wakiwa wanasuka ukili pamoja. Bibi alimweleza kwamba mfalme wa tatu aliona haya kukaa chini, akaamuru mkeka ufungwe kwenye mlingoti. Aliyemfuata akasema ukindu uliosukiwa mkeka ni mzito kwa upepo, akataka picha ya mkeka ishonwe kwenye bendera, na mkeka wenyewe ukarudishwa nyumbani kwa wasukaji. Mwingine alishinda vita, akaweka mkuki katikati. Mwanawe, ambaye hakuwahi kumshinda hata jogoo, akaongeza simba. Akaja wa mwezi, akaja wa taji. Kila mmoja alipoongeza chake, picha ya mkeka ilisogezwa pembeni, hata zamani za mama yake Mwanamize ikawa imebaki utepe mwembamba chini ya miguu ya simba. Kihondo nako hakwenda mtu tena, maana mvua zilikuwa nzuri kwa vizazi vitatu. Mwenye shibe hamkumbuki jirani.

Mkeka wa kweli ukawa wa nyumbani tu. Mwanamize alilala juu yake utotoni, katikati ya mama na bibi, akinusa ukindu mkavu na moshi wa jikoni. Wote wawili walipofariki, aliubakiza chumbani kwake. Jioni nyingine alikaa juu yake bila kazi yoyote mkononi, akiwakumbuka, na wala hakuona kwamba anapoteza wakati.

Kisha katika enzi ya Mfalme Fumo Kitwana akaja mgeni, tajiri wa nchi ya mbali, na zawadi ya msala wa hariri uliotariziwa uzi wa dhahabu. Mfalme aliuona, ukamteka roho. Alitangaza kwamba hiyo ndiyo nembo ya Kirindo kuanzia sasa, akamwita Mwanamize aifumue ile ya zamani yote, simba na mwezi na hata utepe wa mkeka. Maskini Mwanamize alifumua huku machozi yakimdondoka kwenye sindano. Mfalme akamtania kwamba hajapata kuona mtu akililia majani. Mgeni alikula siku arobaini, akaahidi urafiki wa milele, akaenda zake.

Mwaka wa pili wake mvua ikakosa, na mwaka uliofuata pia. Mfalme alimpelekea rafiki yake barua tatu, hakuna jibu. Nyumbani kwa Mwanamize alikuwapo mjukuu mmoja, Mwanatumu, yatima wa miaka minne, na uji wake ulizidi kuwa mwepesi hadi ukawa maji yaliyopita karibu na unga. Siku mtoto alipoacha kuomba chakula, Mwanamize aliogopa kuliko siku zote alizokuwa akiomba.

Hapo ndipo wazee wa mji walipokikumbuka kiapo cha Kihondo. Wajumbe wakapanda mlima na msala wao wa dhahabu. Baada ya siku sita wakarudi mikono mitupu. Walisema mkuu wa Kihondo, Mzee Ngombo, aliwapa maji, akauzunguka ule msala mara mbili, akauliza swali moja: "Huu unamtosha mtu mmoja. Mimi nitakaa wapi?" Wakamjibu kwamba nembo ya mfalme haikaliwi. Naye akawaambia kwa upole kwamba basi hawajui wao ni akina nani.

Mwanamize alipoyasikia hayo alirudi nyumbani, akaukunja mbacha wake, akaenda nao moja kwa moja mbele ya mfalme.

"Mwinyi, twende na huu."

Mfalme aliutazama. "Bi Mwanamize, umechakaa."

"Umechakaa kwa kukaliwa. Na wewe ndiye wa kuukalia, si mjumbe."

Watu walitazamana. Lakini njaa ilikuwa imefika hata kasrini, na Fumo Kitwana, pamoja na majivuno yake, hakuwa mtu mbaya. Aliuchukua mwenyewe begani.

Walipofika Kihondo, mfalme aliutandika uani kwa Mzee Ngombo, akavua viatu na kuketi chini, kitu ambacho hakuna mfalme wa Kirindo aliyekifanya tangu enzi za wale wa kale. Mzee Ngombo hakuketi upesi. Aliinama, akaupapasa ukindu kwa kiganja. Mkeka ulikuwa umelika mahali pawili, ubavu kwa ubavu, penye upana wa mtu na mtu.

"Hapa alikaa wa kwenu," akasema, "na hapa babu wa babu yangu. Tuliambiwa alikuwa mnene. Naona hawakutudanganya."

Akaketi pale pale. Mwanamize akageuza uso, kwa sababu katika shimo lile ndimo alimolala utotoni, na miaka yote alidhani limechimbwa na mgongo wake mwenyewe.

"Mtama upo," akasema Mzee Ngombo. "Ulikuwapo hata mlipokuja mara ya kwanza. Tulichokikosa ni mahali pa kukaa."

Mtama ukateremka mlimani kwa mizigo, na Mwanatumu akaomba uji wa pili. Msala wa hariri mfalme aliupeleka msikitini, ukafanye kazi yake ya haki. Kisha akamtaka Mwanamize aufume mbacha upya kwa uzi wa dhahabu. Mwanamize alikataa, akasema akizijaza zile sehemu mbili, watu wa Kihondo watajuaje pa kukaa? Mfalme akamwita mrithi wake, akamketisha kwenye lile shimo la mfalme wa kwanza, akamwambia neno moja tu, ndilo hilo mlilolicheka asubuhi:

"Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao."