Kiboko Alivyokalia Chungu cha Mchicha

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshajua kusukuma vitoroli vya dukani, Mzee Kiboko alifungua supamaketi kando ya mto.

Si mchezo, wanangu! Milango inajifungua yenyewe, swiii! Ubaridi unakupuliza usoni, fuuu! Na ukiingia tu, mbele yako ukuta mzima wa maboksi mekundu: Vimbavimba, Vimbavimba, Vimbavimba. Hizo zilikuwa biskuti za sukari, zikapakwa sukari, halafu zikanyunyiziwa sukari zisione upweke. Juu ya boksi picha ya Kiboko mwenyewe, meno nje, na maandishi: KULA VIMBAVIMBA, UWE KAMA MIMI.

Nani hataki kuwa kama bosi? Wanyama wakala. Nyani akaoza magego. Tembo akawa akipanda kilima kidogo tu anahema kama treni ya mizigo, chuku-chuku-chuku!

Sasa kulikuwa na Pimbi. Pimbi ni kamnyama kadogo ka kwenye miamba, ukikaona utadhani sungura aliyenyimwa masikio. Mwanawe, Kijino, fizi zilikuwa zinamtoka damu na miguu imelegea kama kamba iliyoloa. Na pimbi asiyeweza kuruka mwamba, tai huko juu anamwangalia hivi, anafunga leso shingoni.

Pimbi akaenda dukani. Akamkuta Twiga anapanga makopo rafu ya juu. Twiga alikuwa na digrii ya kilimo, tena ya daraja la kwanza. Lakini Kiboko aliajiri shingo. Kichwa kilikuja kama nyongeza.

"Kaka Twiga, mchicha uko wapi?"

"Hamna, dada."

"Machungwa je? Maharage? Viazi vitamu?"

Twiga akainama, akanong'ona, "Mzee anazoa vyakula vya mashamba yote ya bondeni. Vinapitia mlango wa nyuma, vinaingia stoo, sivioni tena. Mimi sijasema kitu."

Pimbi akaenda mpaka kwa Kiboko, aliyekuwa amejimwaga kwenye kiti chake pale dukani.

"Mzee, naomba uniuzie mchicha kidogo, mtoto wangu..."

"Ebo! Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na habari za nyumbani huulizi? Umelelewa na nani wewe, na upepo? Mimi hapa siinuki kitini mpaka nisalimiwe nimalizwe!"

Pimbi akauliza habari za nyumbani, za mama watoto, za mashangazi. Ndipo Kiboko akasema, "Mchicha ni chakula cha washamba. Mpe mtoto Vimbavimba. Mimi nazila asubuhi, mchana, jioni. Cheki bodi hii!" Akajipiga tumbo, bumm!

Pimbi akageuka aondoke. Mara pua ikamcheza. Vitunguu! Tena vya kukaangwa! Na tui la nazi!

Akazunguka nyuma, akalala kifudifudi, akachungulia chini ya mlango wa ofisi. Lo! Mkewe Kiboko anatua chungu cha mchicha wa nazi mezani, na sinia la machungwa. Kiboko huyo, anaingia kwa mlango wa ndani, anafunga leso, anakula na kujilamba. Vimbavimba? Hata punje! Boksi moja lilikuwepo, limewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe.

"Kumbe!" Pimbi akajisemea. Angewaambia wenzake? Nani angemwamini, yeye mdogo kama kiatu, dhidi ya boksi lenye picha ya rangi? Akacheka peke yake, kwi-kwi-kwi.

Kesho yake adhuhuri, saa ileile ya chungu, akapanda juu ya kitoroli katikati ya duka.

"Jamani! Ofa, ofa, ofa! Atakayemsalimia Mzee kwa adabu, na kumuuliza habari za ukoo mzima, huenda akaondoka na boksi la bure! Nifuateni ofisini!"

Neno "bure", wanangu! Duka lote likahama. Wa mbele Tembo, wa nyuma Nyani, katikati vumbi.

"Hodi, hodi, hodi!"

Ndani, Kiboko ndiyo kwanza anafunua chungu. Moto! Kinatokota bado, tobwe-tobwe! Afiche wapi? Chini ya meza hakiingii. Dirishani watu. Mlango ukafunguka, na Kiboko, pwaa! akakikalia.

"Ka... karibuni," akasema, macho yanamtoka.

"Shikamoo, Mzee," akaanza Pimbi, amepiga magoti kabisa.

"Maraha... baaah!"

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri! Nzuri! Haya nendeni!"

"Hatuwezi, Mzee. Sisi tumelelewa. Za mama watoto?"

"Nzu-u-uri!"

Pimbi akasogea pembeni kwa heshima kubwa. "Babu Tembo, karibu. Mzee hainuki mpaka asalimiwe amalizwe."

Ee, Tembo! Tembo huyo akisema "habari" unaweza kwenda kisimani ukarudi hajamaliza. "Haaa... baaari... zaaa... mchaaana, Mzee?"

"Salaaama!" Jasho linamchuruzika Kiboko.

"Na zaaa... maaashangazi?"

"Wamekufa! Wote wamekufa!"

"Pole sana!" akadakia Pimbi. "Jamani, kaeni chini, Mzee kafiwa. Tumpe pole mmoja mmoja."

"Mzee," Nyani akauliza, "mbona unafuka moshi?"

Kiboko hakuweza tena. "Lahaulaaa! Matakooo!" Akaruka mpaka darini, chungu kimemganda nyuma, mchicha unamdondoka, chwa, chwa, chwa!

Tembo akanyoosha mkonga, akanusa. "Hiki... niii... mchicha wa nazi."

"Ni dawa!" Kiboko akapiga kelele. "Dawa ya daktari!"

"Basi tugawie," akasema Pimbi. "Si unaona sote wagonjwa?"

Hapo Tembo hakuhema. Aliupiga mlango wa stoo bega moja, kraa! Maboga yakabingirika, maharage yakamwagika, machungwa yakaja mbio kama yaliyokuwa yanangoja kuitwa. Twiga akashusha Vimbavimba zote, akapanga mboga pale mbele, kimo cha macho ya kila mnyama, hata Pimbi.

Kijino alikula mchicha na machungwa mpaka fizi zikakauka damu na miguu ikakaza. Siku moja kivuli cha tai kikapita, na mtoto huyo, hop! hop! yuko juu ya mwamba, anamtolea ulimi. Tai akafungua leso yake, akaenda zake.

Na Kiboko? Mbio mpaka mtoni, jabwaa! Mpaka leo mchana kutwa yuko majini, anapoza matako. Ukimpa shikamoo anaitikia, ila kuketi kwenye kiti, thubutu!

Wanangu, anayekusifia chakula, kabla hujakitia kikapuni, kachungulie kwanza chungu chake.