Radi ya Mwamba wa Igaka

"Milioni moja na nusu imeingia kwenye simu yako, dada, halafu unaniambia nisubiri?" Lugembe aliipiga kofi meza ya studio. "Nisubiri nini? Mvua nyingine?"

"Usinipigie meza yangu!" Nkwimba alifoka. "Pesa imeingia asubuhi, mchana nimewaita. Ningekuwa mwizi ungejua?"

"Hakuna aliyekuita mwizi, mwanangu," alisema shangazi Holo kutoka kwenye benchi la wateja. "Ila mwizi na mchelewa kulipa hulala nyumba moja."

Sikilizeni, mnipimie watatu hawa, maana mimi nimewapima mpaka mkono umechoka.

Nkwimba alikuwa na kipaji cha kamera. Hakufundishwa na mtu. Alijifunzia kwenye picha za harusi na za vitambulisho, na kila aliyoiharibu aliirudishia pesa. Shangazi Holo, mchunga mbuzi, kipaji chake kilikuwa mawingu: aliyajua kama wengine wanavyowajua majirani. Lugembe, mfyatua matofali, hakuwa na maneno mengi ila mikono. Akishika kitu, kimeshikwa.

Mjini kulitangazwa shindano la picha ya anga. Nkwimba akapanda mwamba wa Igaka kupiga jua likizama. Lugembe akambebea stendi, kijirani tu. Shangazi Holo walimkuta juu, mbuzi wake wakinywa maji korongoni.

"Binti, jua hilo kalenda zote zinalo," Holo akamwambia. "Lipe mgongo."

Nkwimba hapendi kuamrishwa, lakini akageuka. Mashariki wingu lilisimama kama ukuta, na jua la nyuma yao limelipaka rangi ya shaba. Holo alijua wingu lile likipasuka korongo litajaa, na muda wa kuwatoa mbuzi ulikuwepo. Akabaki amenyoosha kidole: "Si huko. Kushoto. Tangu lianze kunguruma linapiga upande ule." Mbuzi kumi na wawili wakaenda na maji.

Upepo ukaja, na mvua ya mawe nyuma yake. Ili kuinasa radi, jicho la kamera huachwa wazi kwa muda, na stendi ikitikisika kidogo tu picha inakuwa uji. Lugembe akaikumbatia stendi, mawe yakimtwanga mgongoni. Kutoka pale aliuona uwanja wake kule chini, matofali mabichi yameanikwa, turubai limekunjwa pembeni.

"Nikiachia?"

"Usiachie!"

Hakuachia. Matofali yakarudi kuwa tope.

Naye Nkwimba alikuwa ameivika kamera mfuko wa plastiki. Upepo ukawa unaupeperusha mbele ya lenzi. Kuuacha ni kukosa picha, kuuvua ni kuizamisha kamera. Akauvua. Radi ikashuka, matawi yake yakaenea kwenye ukuta ule wa shaba. Kamera ilikufa kabla hawajafika nyumbani. Ikapona kadi yake tu, na picha ndani. Picha ikashinda.

"Nikinunua kamera, nitawalipa kidogo kidogo," Nkwimba alisema sasa, sauti imeshuka. "Tukigawana ni laki tano tano. Theluthi ya kamera haipigi picha."

"Theluthi ya nyumba hailaliki," Lugembe akajibu. "Matofali yale yalishalipiwa, na pesa ya mteja nimeshaila."

"Na mbuzi sita walikuwa wa shemeji yangu," akasema Holo. "Yeye hafugi picha."

"Kwani nani aliwatuma mbaki?" lilimtoka Nkwimba. Mara likamgeuka mdomoni kama mchanga. Ni nani aliyesema usiachie? Akaiweka simu mezani, katikati yao. Hakuna aliyeigusa.

Basi. Mmoja aliiona picha kabla haijawa picha. Mmoja aliishika isitikisike. Mmoja aliifungulia jicho mvuani. Kila mmoja mvua ile ilimla, na pesa inatosha kumfufua mmoja. Msinijibu "wagawane" mkanyanyuka kwenda kula. Theluthi itamfufua nani?

Je, simu ile ingekuwa mkononi mwako, ungemtumia nani kwanza?

Jibuni upesi, maana Lugembe hajakaa bado.

"Dada," anasema, "nataka pesa yangu. Leo."