Aliyelala, Aliyepiga Kelele na Aliyenyamaza

Hapo zamani, na usidhani nasema zamani za majitu, nasema mwaka juzi tu wakati wa mvua, palikuwa na kiwanja cha ndege kilichokufa kule nyanda za juu. Ndege hazikuja tena, lami ikabaki. Waendesha pikipiki wakaiomba, wakapanga mapipa, wakachora kona saba, na kila Jumamosi wakawa wanakwenda kujifunza mwendo wa kasi. Mimi nilikuwapo. Anayebisha abishe sasa, nisije nikakatizwa huko mbele.

Kona sita zilikuwa za kawaida. Ya tatu tulikuwa tunaiogopa. Unaifikia kwa kasi, inajikunja ghafla, na ukichelewa kuinama unatoka nje ya lami. Nimeona wanaume wenye vifua vyao wakishuka kabla ya kuifikia, wakisingizia tairi. Uongo mtupu! Woga.

Mwalimu wetu aliitwa Ambakisye. Alikuwa akisimama pembeni mwa kona ya tatu na kupiga kelele. Neno lake lilikuwa moja: "Lala!" Maana yake, inamisha pikipiki zaidi, iegemee kona. Ukilala, unapita. Usipolala, unatoka.

Na palikuwa na desturi. Ukianguka, unatapika. Si chakula, jamani! Unasimama mbele ya wenzako, unalitoa kosa lako lote, ili mwingine asianguke kwa hilohilo. Kabla hujatapika, hurudi kwenye lami.

Siku moja akaanguka Gwakisa, dereva wa bodaboda, mtu wa maringo. Kona ya tatu. Akapona na michubuko tu. Tukamzunguka, tukamwambia, "Haya, tapika." Akasema, "Mchanga. Kulikuwa na mchanga." Tukafagia kona ile mchana kutwa, na mimi ufagio niliushika. Hatukupata mchanga wa kujaza kijiko.

Ukweli alikuwa nao moyoni. Kijiweni kwao, bodaboda wakisema "lala" wana maana nyingine kabisa: breki zimekufa, iangushe pikipiki ubavu, iachie, jiokoe. Gwakisa alisikia "Lala!" na mwili wake ukatii neno la kijiweni. Akaona aibu kusema. Mtu mzima mwenye ndevu, aangushwe na neno?

Mwezi uliofuata akaja Sekela, naye bodaboda, wa kijiwe hichohicho cha Gwakisa. Asubuhi yake ya kwanza mawingu yalikuwa yanashuka. Kwa kawaida Ambakisye hueleza kila neno kabla hatujawasha. Siku hiyo alitazama juu, akasema, "Maneno mnayajua, tuwahi mvua. Kuna asiyeelewa?"

Sekela alikuwa haelewi. Alikuwa mwanamke peke yake pale, na watu walishaanza kumcheka. Akanyamaza. Gwakisa akamtazama, akajua kuwa haelewi, naye akanyamaza.

Wakaingia. Sekela mbele, nyuma yake Tuntufye, fundi cherehani, mtu mpole. Na usiniambie alimkaribia mno! Alikuwa katika umbali alioagizwa. Kona ya kwanza, wakapita. Kona ya pili, wakapita. Kona ya tatu Sekela akaiingia kwa kasi kupita kiasi, macho yamemtoka. Ambakisye akaona anatoka nje, akapaza sauti: "Lala! Lala, Sekela, lala!"

Sekela akalala. Akaiangusha, akaiachia. Pikipiki ikateleza katikati ya njia, na Tuntufye hakuwa na pa kupita.

Mlio ule sitausimulia. Mpaka leo nikisikia bati linaburutwa, naziba masikio. Sekela aliinuka mzima. Tuntufye hakuinuka. Alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, "Miguu yangu iko wapi? Mbona siisikii?" Na miguu ilikuwa palepale, tunaiona.

Siku ya tisa mama yake akaja kiwanjani. Daktari alikuwa bado hajasema kama mwanawe atatembea. Sheria yetu mama alikuwa anaijua: mwenye kosa humkabidhi aliyeumia ufunguo wa pikipiki yake, wala hapandi tena pikipiki yoyote mpaka aliyeumia apande. Asipopanda milele, naye ndiyo milele. Hofu ikatuingia sote.

Sekela akapiga magoti. "Mama, iliyomwangusha ni pikipiki yangu. Sikuelewa, nikaogopa kuchekwa. Lakini nilitii nilichoambiwa. Na pikipiki hiyo ndiyo inayolisha wanangu wawili."

Ambakisye akasema, "Mama, neno ni langu. Nilikimbizana na mvua nikaacha kueleza. Ila niliuliza, mama, niliuliza kama kuna asiyeelewa! Na huyu Gwakisa angetapika ukweli, neno lile ningelitupa siku ileile."

Gwakisa akasema, "Mimi nilidanganya. Lakini mama, siku ile sikuwa kwenye lami. Sikupiga kelele, sikumwangushia mtu pikipiki. Kwani mtu anaumiza kwa kunyamaza?"

"Mimi ninayemgeuza kitandani," mama akamjibu, "ndiye wa kuulizwa hilo?"

Basi wakatoa funguo zote tatu kwa pamoja. Mama akakataa. "Mkinipa zote mmegawana, na kila mmoja ataondoka na kipande kidogo asichosikia uzito wake. Nataka mmoja. Tuntufye ananiuliza kila asubuhi ni nani, nami nimechoka kumwambia sijui."

Akanyoosha mkono, akangoja. Sisi wengine tukatazama viatu vyetu. Nyinyi je, mliokaa hapo mkisikiliza? Sekela aliyelala, Ambakisye aliyepiga kelele, Gwakisa aliyenyamaza: nani alistahili kuuweka ufunguo wake katika mkono ule?